Waraka kwa Wanaushirika wa Ufipa: Plastiki Haiozi Tutani

Ndugu wanaushirika wenzangu wa Sumbawanga, Laela, Matai, Namanyere na vijiji vyote vya uwanda wa juu,

Nawaandikia mapema, kabla mbolea ya msimu haijaanza kutolewa, kwa sababu mvua ikishakolea kila mmoja wetu atakuwa shambani na karatasi hii haitapata msomaji. Jambo lenyewe ni plastiki. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watu wa pwani, wanaoona chupa zikielea baharini Dar es Salaam na Unguja. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na wengi wetu bahari hatujawahi kuiona kwa macho. Naomba tuanzie hapo hapo, kwenye bahari.

Mvua inayonyesha Ufipa ina njia mbili za kuondoka. Ile ya upande wa mashariki huteremka ukingo wa bonde na kuishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto hata mmoja unaotoka. Maji yake huondoka kwa kukaushwa na jua, na kila kisichoweza kugeuka mvuke hubaki humo humo. Ndiyo maana maji yale yana magadi. Ile ya upande wa magharibi huingia Mto Kalambo na mito mingine midogo, ikaporomoka hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo nalo lina mlango mmoja tu, Mto Lukuga, unaotokea Kalemie upande wa Kongo. Lukuga huingia Lualaba, Lualaba huwa Mto Kongo, na Mto Kongo humwaga maji yake Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo bahari yetu sisi siyo ile ya Dar es Salaam. Mfuko unaotupwa mtaroni Matai, ukijaliwa kufika baharini, utatokea upande wa pili wa Afrika.

Lakini mingi haifiki huko, na hapo ndipo penye uchungu. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Tanganyika huondoka kwa jua, wala siyo kwa Lukuga. Tone linaloingia leo hukaa humo mamia ya miaka. Chupa na mfuko navyo vitakaa, vikipasuliwa na jua na mawimbi mpaka viwe chembechembe ambazo dagaa hawezi kuzitofautisha na chakula chake. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sato na sangara walionunuliwa sokoni Mwanza: katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo katika maziwa makuu ya Afrika. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ndugu zetu wa Kasanga, Kipili na Kirando walianika nyavu wakavumilia. Haifai wao wajinyime ili samaki waongezeke, na sisi huku juu tuwateremshie taka.

Sasa nije kwenye maneno yanayozunguka vijiweni na kwenye simu zetu. Imesambaa habari kwamba wanasayansi wamempata bakteria anayekula plastiki, na nimewasikia wenzetu zaidi ya mmoja wakisema: basi tatizo limekwisha, tusubiri dawa iletwe. Habari ni ya kweli. Ila wanayoitarajia kutoka kwake haimo ndani yake.

Bakteria huyo anaitwa Ideonella sakaiensis. Watafiti wa Kijapani, akiwamo Shosuke Yoshida, walimpata katika sampuli zilizochukuliwa kwenye kituo cha kurejeleza chupa mjini Sakai, mkoa wa Osaka, wakatangaza habari zake mwaka 2016. Anaishi kwa kula plastiki ya chupa za maji na soda, ile iitwayo PET. Hutoa kimeng'enya kimoja kinachoikata plastiki vipande, kisha kingine kinachovikata vipande hivyo hadi virudi kuwa malighafi zilizotengenezea chupa. Utando mwembamba wa plastiki hiyo aliumaliza kwa wiki sita hivi, kwenye joto la nyuzi 30. Nasisitiza: utando mwembamba, tena laini kuliko chupa yenyewe, ndani ya maabara.

Wafaransa wa kampuni ya Carbios wamekwenda mbali zaidi. Walichukua kimeng'enya ambacho asili yake ni mboji ya majani, wakakiboresha, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kinaweza kuvunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Tazameni masharti yake: plastiki iwe ya aina moja, iwe safi, iwe imesagwa, na iwe ndani ya mtambo wenye joto la nyuzi 72. Hata wao wenye mtambo hawaanzi na bakteria, wanaanza na kutenganisha. Na mwishoni mwa 2024 walitangaza kusogeza mbele ujenzi wa kiwanda chao kikubwa kwa sababu fedha zilikuwa hazijatimia.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi wakulima kuliko mtu wa mjini. Plastiki si kitu kimoja. PET imeundwa kama mnyororo wenye viungo dhaifu kila baada ya hatua fulani, na hapo ndipo kimeng'enya hupata pa kukata. Plastiki ya mifuko laini, yaani polithini, na ile ya viroba vya mbolea na mahindi, yaani polipropilini, hazina viungo vya namna hiyo. Ni kaboni imeshikana na kaboni mwanzo mpaka mwisho. Bakteria wa Sakai ukimwekea kiroba cha mbolea hatakifanya lolote. Na taka zetu za Ufipa, ukiacha chupa za maji za mjini na stendi, nyingi ni hizo: viroba, mifuko ya ndani ya mbolea, madumu, kandambili na mifuko ya tabaka tatu tunayohifadhia mahindi yasiliwe na dumuzi. Tangu mbolea ya ruzuku ianze msimu wa 2022/23, viroba vimeongezeka kila kaya. Mbolea tunaishukuru, lakini hakuna aliyetuambia kiroba kiende wapi.

Hata huku Afrika Mashariki wasomi hawajalala. Kituo cha icipe cha Nairobi, kinachoshughulika na wadudu, kilitangaza mwaka 2024 kwamba funza wa mbawakawa wa jamii ya Alphitobius wanaweza kula polistaireni, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni na vyakula, na kwamba bakteria wa matumboni mwao wanasaidia kuivunja. Ni kazi ya kujivunia. Waliopewa plastiki iliyochanganywa na pumba walistawi kuliko waliopewa plastiki peke yake, na kwa muda wote wa jaribio waliimaliza karibu asilimia 12 ya plastiki waliyowekewa. Watafiti wenyewe wanasema lengo ni kuwatambua bakteria hao na vimeng'enya vyao. Hawajasema tumwage funza kwenye dampo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu si kwa kuidharau sayansi. Naandika kwa sababu hakuna watu wanaopaswa kuwaelewa vijidudu kuliko Wafipa. Kilimo chetu cha asili ni kilimo cha vijidudu. Wazee wetu hawakuwa na msitu mwingi wa kukata na kuchoma kama majirani zao. Walikuwa na nyasi. Mvua zikikaribia kuisha, walizilima nyasi zile wakazifunika kwa udongo, mizizi juu, majani chini, wakafanya tuta la mviringo, intumba. Juu yake walipanda maharage au maboga. Ndani yake, kwa miezi yote ya kiangazi, bakteria na kuvu walizila nyasi taratibu. Mvua mpya ilipoanza, tuta lilibomolewa, mboji ikatawanywa, ulezi ukapandwa. Wataalamu wa kilimo kutoka nje walikuja kuliandika jambo hili kama maarifa ya pekee, na ni kweli. Leo tuna jembe la ng'ombe na tuna mbolea ya dukani, lakini wapo wengi wetu ambao bado wanafanya matuta, na mimi ni mmoja wao.

Siri ya tuta lile ni kwamba kila kilichofukiwa kiliwahi kuwa hai, na kwa kila kilichowahi kuwa hai yupo kijidudu aliyezoea kukila tangu enzi na enzi. Plastiki imeenea duniani kwa miaka sabini na kitu tu. Vijidudu hawajapata muda wa kuizoea, na wachache walioanza wanahitaji joto, hewa, unyevu na msaada wa maabara.

Wanaosema "ipo siku itaoza tu" nawaomba wapeleke macho kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza kwamba kwenye kingo za mto ule, juu ya maporomoko, walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa na binadamu wa kale. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Mti ni chakula cha vijidudu, wanaupenda. Lakini magogo yale yalizama kwenye tope lililojaa maji, hewa ikakosekana, vijidudu wakashindwa kazi. Basi ikiwa mti umekaa hivyo, mfuko utakaa muda gani? Na Ziwa Tanganyika, linalopokea maji ya Kalambo, lina kina cha karibu mita 1,470, na hewa ya oksijeni inaishia mita mia moja au mia mbili za juu. Chini ya hapo ni giza lisilo na hewa. Plastiki itakayozama humo imehifadhiwa.

Nilibomoa matuta yangu mwanzoni mwa msimu uliopita. Moja lilikuwa zuri sana, udongo mweusi, unasagika vidoleni, mizizi yote imekwisha. Jembe likanasa. Nikavuta, ukatoka mfuko wa ndani wa mbolea ya urea, umejikunja na kukaza kama kamba, maharage yameupitishia mizizi. Nikaukung'uta. Maandishi ya bluu yalisomeka yote, mpaka ile 46 ya naitrojeni. Chini yake palikuwa na nyasi za mwaka juzi, kavu, rangi ya majani makavu bado ipo. Maji hayakufika, vijidudu hawakufika. Mahali pale mahindi yalitoka ya njano. Nimewaonyesha wajumbe wa bodi mfuko ule na utakuwepo siku ya mkutano mkuu, auone mwenye kutaka.

Kwenye mifugo nako mambo ni mabaya. Muulizeni mchinjaji yeyote wa mjini. Ng'ombe anayelishwa kwenye majalala hupasuliwa akakutwa na bonge la plastiki tumboni, limeshikamana na kamba za katani. Haliwezi kucheuliwa, haliwezi kutoka. Ng'ombe anakula kila siku na anakonda kila siku, mwenye ng'ombe anatafuta mganga wa mifugo, na dawa hakuna.

Na kuchoma? Hili naomba tulikatae kwa kauli moja. Baridi ya Juni na Julai tunaijua, na najua namna jiko la mkaa linavyowashwa katika nyumba nyingi: kipande cha rambo au cha kandambili juu ya mkaa, kiberiti, moshi mweusi, na mtoto amekaa pembeni anaota moto. Moshi ule una sumu, na plastiki nyingine, hasa zenye klorini kama mabomba na nyaya, hutoa sumu inayoingia mwilini na kukaa. Tuwashie magunzi. Ufipa tuna mahindi mengi kiasi cha kulisha mikoa mingine. Magunzi hatuwezi kuyakosa.

Basi tufanye nini? Ninachopendekeza nakiweka wazi ili mje mkutanoni mmeshakifikiria. Vijidudu tuwape kazi wanayoiweza: mabua, maganda, samadi, majani, mabaki ya jikoni, vyote viende kwenye tuta na kwenye shimo la mboji. Plastiki isiingie humo kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na haina gharama. Taka ya jikoni isipochanganywa na plastiki ni mali. Ikichanganywa, vyote viwili vimeharibika, mboji haifai na plastiki hainunuliwi.

Plastiki yenyewe tuitenganishe kwa aina. Geuza kitako cha chupa au dumu utaona pembetatu yenye namba. 1 ni chupa za maji na soda. 2 ni madumu na ndoo ngumu. 4 ni mifuko laini. 5 ni viroba na vyombo vingi vya nyumbani. Kwenye viroba namba mara nyingi haipo, lakini kiroba kinajulikana kwa kufumwa kwake. Ukiziyeyusha pamoja hazishikani, maana kila moja ina joto lake: polithini hulainika mapema, PET inataka zaidi ya nyuzi 250. Ndiyo maana mnunuzi hukataa mzigo uliochanganywa au humpa mleta mzigo bei ya kumkatisha tamaa. Iwe safi na kavu, zaidi ya hapo hatudaiwi kitu.

Chupa za viuatilifu ni habari nyingine, na hapa naomba kina mama na vijana wanisikilize sana. Zisichanganywe na chochote. Zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la dawa yakapulizwe shambani, kisha chupa itobolewe ili asitokee mtu wa kuitilia mafuta ya kula au maji ya kunywa. Zikae peke yake mpaka bwana shamba atuelekeze pa kuzipeleka.

Sitawaahidi utajiri. Wanunuzi wakubwa wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na plastiki ni nyepesi: kiroba kitupu cha kilo 50 kina uzito wa gramu mia hivi, chupa za lita moja na nusu zinatakiwa thelathini hivi kutimiza kilo. Mtu mmoja mmoja hawezi kusafirisha hewa. Chama kinaweza. Tuna ghala, tuna mizani, tuna utaratibu wa kuandika nani kaleta nini, na malori yanapanda kutuletea mbolea na bidhaa. Tukikusanya kwa mwaka mzima, tukakanyaga na kufunga marobota, tutakuwa na mzigo wa kuzungumzia bei. Naomba mkutano utoe kona moja ya ghala, ijengewe uzio wa waya, iwe na sehemu nne.

Kuna waliotutangulia. Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa ufukweni, wakalipamba kwa kandambili, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja. Nairobi, Nzambi Matee anatengeneza matofali ya kutandaza njia kwa plastiki na mchanga, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtambua kwa kazi hiyo. Vijana wetu wa Sumbawanga hawajazidiwa akili na hao. Lakini wasianze kwa kuyeyusha plastiki kwenye pipa uani. Moshi utawaua kabla ya faida. Waanze na kukusanya, mashine itafuata mzigo.

Sheria nayo tusiisahau. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000. Tuliitii vizuri mwaka ule, vikapu vikarudi sokoni. Sasa mifuko ile myembamba ya kufungashia imeanza kugeuzwa ya kubebea, na sisi wenyewe ndio tunaoiomba tunaponunua nyanya. Tusiiombe. Anayekuja kuwauzia mfuko "unaooza" muulizeni unaoza wapi na kwa joto gani: mingi inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi karibu 60, na mingine haiozi ila inavunjika kuwa unga wa plastiki, ambao ndio mbaya zaidi kwa udongo na samaki.

Duniani, mataifa yalikubaliana Nairobi mwaka 2022 kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Wamekutana Busan 2024 na Geneva Agosti 2025, wameshindwa kuafikiana. Shamba langu na lako haliwezi kungoja mkutano mwingine.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na nitalisimamia mkutanoni. Tupitishe kwamba kila mwanachama anayekuja ghalani kuchukua mbolea msimu huu aje na viroba vyake vya msimu uliopita na mifuko yake ya ndani, vimekung'utwa, vimekauka, vimekunjwa. Karani avihesabu na kuviandika kwa jina la aliyevileta. Vilivyotoboka viingie kwenye marobota, vilivyo vizima virudi kazini. Anza leo kuvitafuta: darini, zizini, kwenye paa la banda la kuku, na kwenye matuta yako.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama mwenzenu, Sumbawanga